Mbwa wa rafiki yako amegongwa: mwongozo kamili wa kumsaidia yeye na nyumba yake

Ilikuwa saa mbili usiku, Goba, Dar es Salaam, umeme umekatika. Ikasikika breki, kisha ule mlio ambao ukishausikia mara moja huulizi tena ni wa nini. Nilipotoka nje, Bobi, mbwa wa jirani yetu, alikuwa kalala pembeni ya barabara ya vumbi, mguu wa nyuma umegeukia upande usio wake. Dereva wa bodaboda alikuwa anainua pikipiki. Mama mwenye nyumba kasimama na tochi ya simu, khanga imemdondoka begani, na neno la kwanza alilotuambia majirani halikuwa "nisaidieni". Alisema, "Samahanini jamani, ni mbwa tu. Rudini mkale."

Samahani ile ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mtu akiuguliwa na mtoto haombi radhi. Watu wanajaa, kamati inaundwa, daftari la michango linafunguliwa kabla hata hajajua nani kalileta. Akiumia mbwa, hata awe ameishi ndani ya geti lile miaka tisa na watoto wamejifunza kusimama kwa kushika shingo yake, wenyewe wanaona haya. Wanaogopa kuchekwa. Basi wao hawaombi, sisi tunangoja kuombwa, na saa zinakwenda. Kila hatua hapa chini inaanzia hapo: hutaombwa.

Hatua ya 1: Barabarani

Shughulika na magari kwanza, ndipo mbwa. Mtu mmoja asimame upande yanakotokea magari, na tochi mkononi. Huruma inawasahaulisha watu. Nimeshaona watatu wamechuchumaa juu ya lami wanambembeleza mbwa huku daladala inakuja mbio.

Kisha linda mikono. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono uliompa ugali asubuhi. Chana kipande kirefu cha khanga au tumia tai, tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza kiasi, fundo lingine chini ya kidevu, halafu ncha zote mbili zifungwe nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo kama anatapika, anahema kwa shida au taya limeumia. Hapo mfunike kichwa na taulo kwa wepesi tu, na ukae mbali na meno.

Akimuuma mtu, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hata kama mbwa ana kadi ya chanjo, nenda nayo, daktari aione na aamue yeye. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na chanjo baada ya kuumwa inafanya kazi ikiwahiwa. Hili halina mjadala wala "tusubiri tuone".

Sasa mtazame mbwa mwenyewe. Inua mdomo wa juu uone ufizi. Ukiwa wa waridi, vizuri. Ubonyeze kwa kidole, utakuwa mweupe, kisha rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka kama karatasi, au rangi isiyorudi haraka, maana yake damu haizunguki inavyotakiwa, na pengine anavuja ndani mahali usipopaona. Huyo ni wa kukimbizwa hata kama nje hana mkwaruzo. Mbwa wengi wanaogongwa husimama, wakajikung'uta, wakarudi nyumbani wenyewe, watu wakashukuru Mungu. Kumbe kibofu kimepasuka au kiwambo kati ya kifua na tumbo kimechanika, na hali inabadilika usiku wa manane.

Damu inayotoka nje, ibane. Kitambaa safi juu ya jeraha, kiganja juu ya kitambaa, dakika 5 bila kufunua kuchungulia. Ikilowa, ongeza kitambaa juu ya kilekile. Kitu kilichochoma mwilini usikichomoe. Utumbo ukitoka nje usiurudishe. Ufunike na kitambaa safi kilicholowa maji safi, basi.

Kumnyanyua ndiko tunakokosea sana. Mtu anamkumbatia kama mtoto, uti wa mgongo unapinda. Tafuta kitu bapa: mlango wa kabati uliong'oka, ubao wa meza, kipande cha silingibodi. Hakuna? Turubai au shuka nzito, watu wanne, kila mmoja kona yake. Msukume taratibu aingie juu yake mwili ukiwa umenyooka, mfunike na khanga asipoteze joto. Sisi kwa Bobi tulitumia ubao wa kupigia pasi uliovunjika miguu. Ulitosha kama umepimwa.

Hatua ya 2: Kuzuia madaktari wa mtaani

Hii ni kazi ya rafiki mwenye sauti. Ndani ya dakika 10 atatokea mmoja na oili chafu, mwingine na mafuta ya taa, wa tatu na majivu, wa nne na vidonge viwili vya Panadol kutoka mkoba wa mkewe. Wote wana nia njema. Washukuru, na usiruhusu hata kimoja.

Panadol inaweza kumharibia mbwa ini na damu. Diklofenaki na ibuprofeni humchoma tumbo na figo, na zaidi ya hapo zinamfunga mikono daktari, kwa sababu dawa ya maumivu aliyonayo haichanganyiki nazo. Kama mtu ameshampa, usimfiche daktari kwa kuogopa kugombezwa: sema ni nini, kiasi gani, saa ngapi. Chakula usimpe, maziwa usimpe, kwani huenda akalazwa kwa nusukaputi usiku huohuo, na tumbo lililojaa ni hatari.

Hatua ya 3: Simu na usafiri

Gawaneni. Mmoja apige simu, mwingine atafute gari. Mwenye mbwa asipewe kazi yoyote kati ya hizo.

Anayepiga simu ajue anampigia nani. Duka la dawa za mifugo si kliniki, na anayeuza pale si lazima awe daktari. Tena daktari wa mifugo anayesifika mtaa mzima anaweza kuwa wa ng'ombe na kuku, hajafungua tumbo la mbwa tangu atoke chuoni. Uliza moja kwa moja: "Shikamoo daktari, una mashine ya eksirei? Unafanya upasuaji wa mbwa? Upo sasa hivi au tukukute saa ngapi?" Halafu mpe taarifa kwa ufupi: uzito wa kukadiria, amegongwa na nini, muda gani umepita, anahemaje, rangi ya ufizi, anasimama au hasimami, ana chanjo au hana. Akijua hayo atakuwa ameandaa dripu kabla hamjafika. Mkikosa kliniki yenye vifaa, mwambie daktari mliyempata akusaidie kumtuliza mbwa kwanza, yaani hali yake isizidi kuharibika, na akuelekeze pa kwenda. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Nairobi, kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina kliniki ya wanyama wadogo. Ila mbwa mwenye ufizi mweupe hasafirishwi kilomita 200 kabla hajatulizwa.

Usafiri ni mtihani wenyewe. Bajaji watakataa, teksi za kwenye simu zitaghairi zikiona damu. Usianze kugombana nao, dakika zinaliwa. Tafuta mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Sisi aliyetuokoa ni fundi bomba wa mtaa wa pili, Mwislamu safi, ambaye mbwa hamgusi. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Alikuja mwenyewe kwa kusikia kelele, akatandika turubai nyuma ya kirikuu, akasema, "Jirani, gari ipo. Mpakieni nyie, mimi naendesha." Asubuhi yake nilimkuta analiosha, mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama inavyofundishwa Pwani kwetu, na wala hakumtajia mtu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani rafiki wa dini ile hawezi kuhusishwa. Anahusishwa, kwa namna yake. Kile kisa cha kwenye hadithi za Mtume, cha yule aliyemchotea maji kisimani mbwa mwenye kiu akasamehewa, yeye anakijua kuliko wewe. Mpe nafasi ya kuendesha, kuchangia, kushika tochi; usimpe mbwa ambebe.

Hatua ya 4: Kliniki

Nenda na daftari au andika kwenye simu. Mtu aliyechanganyikiwa hasikii. Daktari ataeleza vizuri kabisa, yeye ataitikia "sawa daktari, sawa daktari", na akifika nyumbani hakumbuki hata jina la dawa. Wewe ndiye sikio lake. Andika: ameumia wapi, nini kinafanyika usiku huu, nini kinaweza kungoja kesho, dalili gani zikitokea tupige simu, amekojoa au hajakojoa. Hilo la mkojo liulize hata kama linachekesha. Siku ya kwanza linasema mengi.

Uliza gharama kwa mafungu, usiulize "jumla shilingi ngapi". Fungu la kumtuliza usiku huu. Fungu la eksirei. Fungu la upasuaji. Fungu la kurudi kubadilishwa bandeji na kutolewa nyuzi. Likija kwa mafungu, familia inaweza kuamua kwa mafungu. Likija kama mlima mmoja, watu wanakata tamaa palepale kwenye benchi.

Na hapo kwenye benchi, usiwe wewe wa kusema "fanya kila kitu daktari". Pesa si zako. Vilevile usiwe wa kusema "mwache tu apumzike". Uamuzi wa nyumba ya mtu unauachia nyumba yenyewe.

Hatua ya 5: Mchango

Omba ruhusa kwanza. Kuna watu ambao kuchangiwa kwa ajili ya mbwa kutawaumiza zaidi ya deni. Wakikubali, weka mambo manne sawa kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza kwenye kikundi.

Pesa iende kwenye lipa namba ya kliniki moja kwa moja ikiwezekana. Isipowezekana, apokee mtu mmoja asiye wa familia, ambaye jina linalotokea kwenye simu ndilo watu wanalolijua. Pili, picha. Picha ya mbwa mzima, amekaa kibarazani, inatosha. Ya mguu uliopasuka inawafukuza watu na inamrudia mwenye mbwa kila akifungua simu. Tatu, tangaza jumla na risiti, usitangaze nani katoa ngapi. Najua orodha ndefu yenye majina na tarakimu ndiyo desturi yetu, na kwa harusi inafanya kazi. Kwa mbwa, kijana aliyetoa 2,000 kwa moyo ataonekana amefanya mzaha, na aliyetoa 50,000 ataulizwa mbona hakumtolea shangazi kiasi hicho. Nne, semeni mapema pesa ikizidi inakwenda wapi. Chanjo za mbwa wa mtaa ule ni jibu zuri, na hakuna atakayelibishia.

Mtu akiandika kwenye kikundi "watu wanakufa njaa nyie mnachangia mbwa", usimjibu. Msimamizi amfuate pembeni. Ukibishana hadharani, mwenye mbwa atasoma yote, na ile samahani itarudi.

Hatua ya 6: Mdomo

"Pole" inatosha. Lugha yetu imelitengeneza neno hili kwa kazi hii na halina haja ya kurefushwa. "Pole sana jirani, nimesikia habari za Bobi." Kamtaje jina. Kumtaja jina kunamwambia mwenzio kwamba huko kwako si "mbwa tu".

Swali moja lisitoke kinywani mwako kamwe: "Nani aliacha geti wazi?"

Yupo aliyeliacha. Siku zote yupo. Kwa jirani yangu alikuwa dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoka kutupa taka, na usiku ule wote alikaa jikoni gizani hajala, anangoja kufukuzwa. Watu watatu tofauti walifika kutoa pole, na wote watatu waliuliza swali lilelile, kwa sauti, sebuleni. Wa nne alikuwa mke wa yule fundi bomba. Alipitiliza hadi jikoni, akawasha mshumaa, akamwambia, "Mwanangu, sogea tukaange vitumbua, watoto kesho wana shule." Hakumwambia kitu kingine. Ninapowaza ni nani aliyesaidia zaidi wiki ile, namkumbuka huyo, na mbwa hakumwona kabisa.

Kumsaka dereva wa bodaboda nako kuna wakati wake. Hakikisha hajaumia, chukua namba yake ya simu, mwache aende. Kikundi cha vijana wenye hasira hakimpeleki mbwa hospitali.

Hatua ya 7: Watoto

Waambiwe ukweli kwa maneno mafupi, na aliyezoea kusema nao ndiye aseme. "Bobi amegongwa, mguu umevunjika, yuko kwa daktari, hatujui kama atapona." Usiwaahidi atapona. Akifa, usiseme amelala au amesafiri. Mtoto wa miaka minne ataanza kuogopa kulala. Rafiki unaweza kuwachukua kwako jioni mbili tatu, wafanye kazi za shule, wale, wapewe nafasi ya kuchora mbwa kama wanataka. Wasipotaka, usiwalazimishe.

Hatua ya 8: Wiki za kuuguza

Hapa ndipo marafiki wanapopungua. Usiku wa ajali tulikuwa kumi na mbili. Siku ya kumi tulikuwa wawili. Mfupa unachukua wiki sita hadi nane kuunga, wakati mwingine zaidi, na nyumba inachoka kabla mguu haujapona. Tengenezeni zamu ndogo. "Jumanne na Ijumaa naja saa kumi na mbili jioni, nakaa naye nusu saa" ni msaada. "Mkihitaji chochote mseme" ni salamu.

Kazi zenyewe ni hizi. Mbwa asiyeweza kusimama ageuzwe upande kila baada ya saa nne hivi, vinginevyo atapata vidonda vya kulalia. Mtandikie godoro la zamani lililofunikwa na plastiki chini ya shuka, lifutike. Mkojo ufutwe mara moja na akaushwe. Bandeji au hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) likilowa, likinuka, au vidole vikivimba, ni kurudi kliniki siku hiyo, hata iwe Jumapili.

Inzi ndio adui wa nchi za joto. Kidonda kinachotua inzi asubuhi kinaweza kuwa na funza ndani ya siku moja. Funga chandarua cha zamani juu ya malazi yake, kiguse sakafu pande zote. Kidonda kioshwe kama alivyoelekeza daktari. Asipoelekeza kitu maalumu, maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Spiriti usimwagie. Na azuiwe kulamba: koni ya shingoni ikikosekana dukani, ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa, inafanya kazi ileile. Atagonga kila kiti ndani ya nyumba siku mbili za kwanza. Atazoea.

Vidonge viandikiwe ratiba na ibandikwe ukutani, anayempa atie alama. Bila alama, baba atampa saa moja na mama atampa saa mbili.

Ukimletea chakula, usilete makombo ya pilau. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, na pilau bila vitunguu haipo. Usilete mifupa ya kuku iliyopikwa. Ugali laini na samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, au nyama ya kusaga isiyo na viungo, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Na kwa wenyewe nyumbani leta chakula cha kawaida, kwa sababu huenda nao hawajapika.

Bobi mguu haukuungwa. Wiki ya tatu daktari aliukata, na wiki ya tano alikuwa anakimbia na mitatu iliyobaki. Binadamu wa nyumba ile walichukua muda mrefu zaidi kuliko yeye, hasa dada, ambaye mpaka leo akifunga geti analivuta mara mbili.

Hatua ya 9: Akipumzishwa

Si wote wanaopona. Mwaka uliofuata alikuwa mbwa wa rafiki yangu mwingine, uti wa mgongo ulikatika. Daktari akisema hakuna njia, msaidie mwenzio kuuliza mambo matatu: ana maumivu yasiyozuilika? Atarudi kula na kusimama? Tunangoja nini tukingoja hadi kesho? Majibu yakishatoka, nyamaza. Kama wameamua achomwe sindano ya kumpumzisha, uliza kama wangependa uwepo chumbani au usubiri nje, na chochote watakachojibu kifanye. Daktari humpa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha ile ya mwisho. Huchukua dakika chache. Macho hayafumbi yenyewe. Waambie hilo mapema, linawashtua wengi.

Lipa bili wewe kaunta, au simamia ilipwe, ili wasisimame kwenye foleni wakitafuta chenji huku wanalia. Mtadaiana baadaye.

Kuzika, asitupwe jalalani. Chagua pahali mbali na kisima na mboga, chimba angalau mita moja, kwani mbwa wengine watafukua shimo fupi. Njoo na jembe na chepeo lako, na mtu mwingine wa kupokezana naye. Udongo wa Dar juu ni mchanga, chini unakataa. Mfungeni kwenye shuka au khanga yake, si mfuko wa plastiki. Kama watoto wanataka kurusha udongo, warushe. Hotuba haihitajiki.

Mkimaliza, osha zana, fagia uwanja, jaza maji kwenye ndoo. Mnyororo ukiuona unaning'inia kwenye mwembe, uache. Na lile sufuria bovu lake la ugali pale mlango wa jikoni, hata kama sisimizi wameshajaa, usiliondoe wewe.